Uzito wa Kutunga

Mama yake alinishika mikono yote miwili pale kwenye korido ya hospitali, akanishukuru.

Alikuwa amefika asubuhi hiyo. Mtandio ulikuwa umemlegea, vumbi la safari lilikuwa bado kwenye kope, na mkoba wake alikuwa ameubana katikati ya miguu kama mtu aliyeonywa kuhusu wezi. Viganja vyake vilikuwa vikavu na vya moto.

"Wameniambia ni wewe," alisema. "Wewe ndiye uliyekuwa unamnywesha mwanangu maji kwa mkono wako. Mungu akuzidishie. Mimi njia nzima nalia kwamba mtoto wangu yuko peke yake, kumbe ana dada."

Nikasema, "Ahsante, mama."

Maneno hayo mawili nimeyarudia moyoni mara nyingi kuliko sala yoyote. Nyuma ya mlango wa kijani, mwanawe alikuwa amelala siku ya pili bila kumtambua mtu. Na aliyemlaza pale ni mimi, kwa kalamu.

Tulimwita Dizeli. Asubuhi alikuwa mzito kuwaka: anakuja uwanjani amekunja uso, anafunga kamba za viatu taratibu kama anafunga mzigo wa mtu mwingine. Lakini akishapata moto, hazimiki. Alikuwa kiungo wa timu ya chuo, mwembamba, miguu mirefu, na alikimbia dakika tisini kana kwamba kuna mtu amemdokeza kuwa leo ni mia moja. Alitoka jasho kuliko wote. Jezi yake ikikauka ilibaki na michirizi myeupe mgongoni, chumvi tupu, na mwenyewe alikuwa akitania: "Mboga ikikosa chumvi huko jikoni, niiteni nije nikamulie jezi."

Mimi sikuwa mchezaji. Nilikuwa mwaka wa pili nikisomea lishe, na muhula ule mhadhiri wetu alitugawa kwenye timu za chuo, kila mwanafunzi timu yake, tujifunze kwa vitendo wachezaji wanakula nini na wanapoteza maji kiasi gani. Wenzangu walipata mpira wa wavu, riadha, kuogelea. Mimi nikaangukia mpira wa miguu wa wanaume, vijana kumi na wanane. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza. Kabla ya mazoezi, kila mchezaji anapanda mizani akiwa na kaptula tu. Baada ya mazoezi anajifuta jasho, anapanda tena, nawe unaandika amekunywa chupa ngapi. Uzito uliopungua ni maji yaliyotoka. Aliyepoteza kilo moja na aliyepoteza kilo tatu huwezi kuwanywesha sawa.

"Kila mwili una kiu yake," mhadhiri alituambia siku ya kwanza, akigonga meza kwa kifuniko cha kalamu. "Na mwili hausemi lugha yenu. Mizani ndiyo mkalimani. Ukimkosa mkalimani, usijifanye umesikia."

Niliyaandika maneno hayo, nikayapigia mstari.

Mizani ilikaa stoo ya michezo, na stoo ilikuwa na mwenyewe. Mama wa stoo alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, mnene, mwenye sauti kama filimbi ya mwamuzi, aliyemtania kila mtu kuanzia mkuu wa chuo hadi paka. Mipira aliijua mmoja mmoja kwa kasoro zake. Mizani aliipenda kupita vyote. Kila Jumatatu aliiwekea juu chuma cha kilo ishirini, kile cha kunyanyulia, akainama kuutazama mshale, kisha akasema, "Ishirini. Huyu hajui uongo hata ukimfundisha." Halafu ananitwisha: mizani kichwani, ndoo ya chupa mkononi, daftari kwapani.

Njia ya uwanjani ilipita mbele ya ngazi za maktaba. Hapo ndipo mambo yalipoanzia, na nikiyasema leo yanaonekana madogo mpaka naona haya kuyataja. Watu walinicheka. Wala si kwa ubaya. Msichana tuliyekaa naye chumba kimoja bwenini aliniita Muuza Nyama, maana nashinda napima mapaja ya wanaume kwa kilo. Jina likaota miguu. Ngazi za maktaba zikawa na kwaya yake: "Muuza Nyama, leo una paja?" "Nipimie nusu, mfupa uwe mdogo!" Nilicheka pamoja nao. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, mtu wa kwanza katika ukoo wetu kukanyaga chuo, shangazi zangu wakiwatangazia majirani kwamba nasomea udaktari wa chakula. Kumbe daktari mwenyewe anabeba ndoo.

Wiki tatu za kwanza nilipima kwa haki. Wiki ya nne, Jumanne, nilizikuta ngazi zimejaa watu. Nikageuka na mizani yangu, nikairudisha stoo, nikamwambia mama wa stoo kwamba kocha amesema leo hakuna kupima. Uwanjani nikaenda na chupa peke yake; kocha na wachezaji nikawaambia kwamba sasa jasho nitalipima kwa jezi zao mbichi, kule kule stoo. Jioni, kitandani, nilifungua daftari, nikatazama namba za wiki iliyopita, nikaandika nyingine zinazofanana nazo.

Siku ya pili yake ilikuwa rahisi zaidi. Siku ya tatu sikufikiria hata kupita stoo.

Kuandika uongo kunataka ufundi kuliko kuandika kweli. Niligundua kwamba namba kamili zinatia shaka, nikawa naweka nukta mbili hapa, nukta saba pale. Nilibadilisha kalamu. Nilidondoshea maji ukurasa mmoja uonekane umeshikwa na watu wenye jasho. Dizeli, kwa kuwa kila mtu alijua anavyovuja, nilimpa namba kubwa kuliko wenzake: kilo mbili, mbili nukta tatu, mbili na nusu. Zile wiki tatu za kweli hakuwahi kupoteza zaidi ya kilo moja na nusu. Lakini namba kubwa ilimkaa vizuri, kama nguo ya kushonesha.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, laini, na yenye kivuli. Mhadhiri aliliinua daftari langu mbele ya darasa. "Kazi inafanywa hivi," alisema. Wenzangu wakapiga makofi, nami nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu.

Kocha naye alilisoma. Alikuwa mtu mwema, mwenye kuamini chochote kilichopigiwa mistari. "Dizeli anapoteza kilo mbili na nusu," alisema, "na sisi tunamnywesha kama kifaranga?" Tangu siku hiyo Dizeli alitengewa chupa zake, zenye uzi mwekundu shingoni, nami nikapewa jukumu la kuhakikisha anazimaliza. Maji matupu, chupa baada ya chupa. Chumvi iliyokuwa ikimkaukia mgongoni hakuna aliyefikiria kuirudisha mwilini, na miongoni mwa hao wasiofikiria nilikuwemo mimi niliyeisoma darasani.

Alikuwa msikivu, huo ndio uliokuwa udhaifu wake. Alikunywa kama anayemeza dawa. Akimaliza anapindua chupa juu chini, ananionesha kuwa haina kitu.

"Dada, nimemaliza. Kuna nyingine?"

Aliniita dada ingawa tulikuwa rika moja. Nilimpa nyingine.

Siku moja baada ya mazoezi nilimkuta ameketi kwenye nyasi, hajavua viatu. "Dada, hili tumbo linacheza kama dumu kwenye baiskeli," alisema. "Na kichwa kinaniuma kila tukimaliza. Hata chakula hakipiti." Akaninyooshea mkono nione. Pete aliyovishwa na mama yake siku anaondoka nyumbani ilikuwa imezama kwenye nyama ya kidole.

"Kichwa kuuma ni dalili ya upungufu wa maji," nilimjibu, kwa sauti ya kitabu. "Ongeza."

"Haya, dada."

Ningempandisha mizani jioni ile, ningemkuta mzito kuliko alivyokuja. Hakuna mtu anayekimbia saa mbili akaongezeka uzito. Hata mtoto wa shule ya msingi angeuliza kuna nini. Mizani ilikuwa pembeni ya stoo, imefunikwa kitambaa, na mama wa stoo alikuwa ameshaacha kuniuliza kwa nini siichukui.

Siku ya mashindano tulicheza mara mbili kwenye uwanja wetu wenyewe: robo fainali asubuhi, nusu fainali saa tisa. Jua halikuwa kali. Mawingu yalitanda tangu alfajiri, na kulikuwa na kiupepo. Dizeli alikuwa amekunywa chai na kipande cha mkate, akavitapika. Katikati ya mechi mbili wenzake walikaa chini ya jukwaa wakala wali na maharage, yeye akakaa pembeni na chupa zake za uzi mwekundu.

Mama wa stoo akaja na sahani ya mayai ya kuchemsha na ndizi, na chumvi kwenye kikaratasi. "Mwacheni kijana atafune kitu chenye ladha," alisema. "Maji, maji, maji! Kwani ni mchicha huyu?"

Wachezaji wakacheka. Mimi sikucheka. Nilihisi ananiingilia kazi mbele ya watu.

"Mama," nilisema, "haya mambo yana wenyewe. Tumeyasomea."

Alinitazama, sahani mkononi. "Haya, daktari," akasema, akaondoka na mayai yake.

Katika nusu fainali Dizeli alicheza kama mtu mwingine. Alimpasia mpira mwamuzi. Wakati wa mapumziko alitapika, maji meupe yasiyo na kitu ndani yake. Kocha akanigeukia. "Daftari linasemaje?"

"Amekauka, kocha. Akinywa atakaa sawa."

Mikono yake ilikuwa ikitetemeka, kwa hiyo chupa niliishika mimi. Nilimwinua kidevu. Alikunywa yote.

Tulishinda bao moja kwa bila. Wenzake wakavua jezi, wakakimbia kuzunguka uwanja wakipiga kelele, na yeye akabaki kwenye benchi. Nilipomkaribia aliinua uso, akaniuliza kwa upole sana, "Dada, mechi inaanza saa ngapi?" Nilidhani anatania. Nilicheka, kweli nilicheka. Kisha macho yake yakapanda juu, meno yakaumana, akaanguka chini akitikisika mwili mzima, viatu vyake vikichimba nyasi.

Ndani ya gari la chuo mama wa stoo ndiye aliyempakata kichwa. Alimfuta povu kwa upindo wa gauni lake, akimwita mwanangu, mwanangu, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo.

Daktari wa zamu alikuwa kijana, macho mekundu kwa kuchoka. Aliuliza amekunywa nini, amekula nini, uzito wake ukoje. Kocha akamkabidhi daftari langu kwa mikono miwili. "Tunapima kila siku, daktari. Hatuachi."

Daktari akafunua kurasa, kidole kikishuka kwenye safu ya Dizeli. "Juzi kilo mbili nukta nane," alisema. "Huyu amekaukiwa. Mwekeeni dripu upesi, damu iende maabara."

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake. Sentensi yenyewe ilikuwa fupi: namba hizo nimezitunga. Niliipanga mdomoni. Nilifika mpaka kuvuta pumzi ya kuisema. Kisha nikamwona kocha, nikawaona wachezaji wawili mlangoni na jezi zao mbichi, nikaisikia ile kwaya ya kwenye ngazi, ila sasa hawatanii. Nikaimeza. Nilijiambia dripu haimdhuru mtu. Nilijiambia damu itapimwa, wao ndio madaktari. Nilitazama maji yakidondoka kwenye mrija, tone baada ya tone, yakiingia kwenye mwili ambao nilikuwa nimeujaza kwa mkono wangu. Sikuwa na hakika. Lakini nilikuwa na shaka, na shaka ingetosha.

Ilipita saa moja na nusu. Alitikisika mara ya pili, vibaya kuliko ya kwanza. Nilisikia kitanda kikigonga ukuta. Kisha daktari akatoka ameshika karatasi ya maabara, na uchovu wote umemtoka usoni.

"Nimeifunga ile dripu," alisema. "Huyu hakukaukiwa. Huyu amefurika. Maji yameizimua chumvi ya damu mpaka ubongo umevimba. Tunamrudishia chumvi sasa, tuombe Mungu." Akalinyanyua daftari. "Mtu anayepungua kilo mbili nukta nane hawezi kuwa hivi. Hiki kitabu kimenipotosha. Nani alipima?"

Kocha akanitazama. Mama wa stoo akanitazama, viatu vya Dizeli amevikumbatia kifuani.

"Mimi," nikasema. Na kabla ukweli haujapata pa kupita, ulimi ukatangulia: "Labda mizani ni mbovu."

Nilimwona mama wa stoo akifungua mdomo. Huyu ni mtu ambaye sikuwahi kumwona akikosa la kusema. Akaufunga.

Asubuhi yake ndipo mama mtu alipofika na kunishika mikono.

Siku ya nne Dizeli alifumbua macho, akauliza tulishinda ngapi. Hospitali nzima ilisikia kilio cha furaha cha mama yake. Hakufa, hilo nalitamka kila mara kwanza, kama mtu anayeonesha kitambulisho. Lakini mkono wake wa kulia ulitetemeka miezi mingi, na majina ya watu yakawa yanamponyoka. Mama yake alimchukua nyumbani. Alirudi mwaka uliofuata, akahitimu nyuma yetu, na mpira hakuugusa tena.

Kamati ya watu watatu ilikaa kwenye ofisi ya michezo. Tuliitwa pamoja, mimi na mama wa stoo, tukawekwa kwenye viti viwili vilivyogusana.

"Mizani hii ina umri gani?" aliuliza mwenyekiti.

"Sijui umri wake. Najua ni nzima. Naijaribu kila Jumatatu."

"Kuna kumbukumbu ya maandishi?"

"Kuna macho yangu."

"Macho si ushahidi, mama."

"Shahidi yupo," alisema, bila kunigeukia. "Akitaka kusema atasema."

Nje kulikuwa na mtu anadundisha mpira ukutani. Juu ya meza kikombe cha chai kilikuwa kimeacha duara, na mimi nililisoma lile duara kama msahafu. Aibu ya maiti aijuaye mwosha. Yeye peke yake ndiye aliyejua kwamba sikuigusa mizani wiki sita. Angeweza kulisema hilo kwa pumzi moja. Alingoja. Mpira ukadunda, ukadunda, ukaacha.

Wakaandika kwamba chanzo ni kifaa kilichochakaa na uzembe wa mtunza stoo. Baada ya miaka kumi na tisa walimnyang'anya funguo, wakampeleka jikoni, ukumbi wa chakula, kuosha masufuria. Mimi mhadhiri aliniandikia kwa wino mwekundu: "Takwimu nzuri, kifaa kibaya." Nikafaulu vizuri.

Sikuweza tena kula ukumbini. Siku ya kwanza nilipanga foleni, nikamwona kupitia dirisha la kupokelea chakula, mikono imezama kwenye povu mpaka viwikoni, hamtanii mtu. Nikaacha sahani yangu nikatoka. Mwanafunzi wa lishe nikawa nashindia mkate mkavu chumbani, mpaka nguo zikanipwaya na msichana wa chumba changu akaniuliza kama nina mimba au mapenzi.

Sasa nina miaka arobaini na minne. Kazi yangu ni kuwafundisha vijana wa vyuo wanaocheza michezo namna ya kula na kunywa. Nawaambia wale kabla ya kukimbia, chai ya rangi haikimbizi mtu. Nawaambia wasinywe kwa kushindana. Nawaambia anayetoka jasho jingi hupoteza chumvi pamoja na maji, na kimoja hakirudi bila kingine. Na kila mara nawasimulia kisa cha kijana mmoja. Nakisimulia vizuri. Wananyamaza wote.

Mwaka jana, kwenye chuo kimoja, msichana mkimbiaji mwenye bandeji gotini alinyoosha mkono. "Na yule aliyekuwa anampima, walimfanya nini?"

"Hawakumfanya kitu," nilisema.

"Kwa nini?"

Nikatazama saa yangu, nikasema muda wetu umekwisha.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kumtafuta mama wa stoo. Alikuwa akiishi na wajukuu katika vyumba viwili nyuma ya gereji. Nilimkuta uani, amekonda, ana sinia la maharage mapajani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akanitazama muda mrefu. "Kaa."

Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikasema yote. Hakunisaidia hata kwa neno moja. Aliendelea kuchambua, mabovu akiyatupa chini, na nilipomaliza aliendelea kidogo.

"Siku ile hospitali nilitaka kusema," alianza. "Nikakutazama, nikaona ukiguswa utavunjika. Wangekufukuza siku hiyo hiyo. Nilikuwa na binti wa rika lako. Nikasema, tumwache, kesho atakuja mwenyewe." Akatupa kijiwe. "Nikangoja kesho."

"Nisamehe, mama."

"Nilikasirika miaka saba hivi, kisha nikachoka. Masufuria yale yalikuwa mazito." Akatikisa sinia. "Kwangu umefika. Kwake je?"

"Sijui pa kumpata."

"Mimi najua. Hunipigia kila mwezi. Amejipa imani kwamba kule kumpakata kwangu kwenye gari ndiko kulikomponya." Akatoa simu mfukoni, akaitafuta namba polepole kwa kidole gumba, akaiweka sikioni. Nikasikia sauti ya mwanamume, nene, iliyojaa furaha: "Shikamoo, mama!"

"Marahaba, baba. Kuna mtu hapa anataka kuongea nawe." Akanipa.

Nilijitaja. Akapiga kelele ya shangwe. "Dada! Dada yangu! Jamani, mama yangu mzazi alikuulizia mpaka anafariki—"

"Ngoja," nilisema. "Nisikilize kwanza."

Nikamwambia. Kwamba sikupima. Kwamba wiki sita niliandika namba kitandani. Kwamba daktari alipozisoma nilikuwepo nikanyamaza, na kwamba mizani haikuwa na kosa lolote. Upande wake nilisikia mtoto akiomba kitu, akaambiwa asubiri.

"Kwa hiyo nilipokuambia kichwa kinaniuma," alisema hatimaye, taratibu, kama anayepapasa ukuta gizani, "ulikuwa hujui kitu."

"Nilikuwa sijui kitu."

"Na ukaniambia niongeze."

"Nikakuambia uongeze."

Hakutukana. Ningetamani atukane.

"Mpe mama simu," alisema.

Mama wa stoo alisikiliza ameinamia sinia. "Ndiyo," alisema. "Ndiyo, nilijua." Akahamishia simu sikio la pili. "Tangu siku ile ile." Akasikiliza tena. "Haya. Haya, baba. Wasalimie watoto."

Akaishusha simu, akaishika mkononi bila kuirudisha mfukoni.

"Anasema amesikia," aliniambia.

"Hayo tu?"

"Na ameuliza kwa nini mimi sikumwambia miaka yote hii." Aliyatazama maharage, lakini mikono haikwenda. "Hilo nimekosa la kumjibu."

Tulikaa mpaka jua likahama kutoka uani. Nilipoaga alinyanyuka kwa shida, akanisindikiza mpaka barabarani kama anavyosindikizwa mgeni yeyote, akasimama ameshika nguzo ya uzio.

"Pita mkono wa kulia," alisema. "Huku kushoto kuna tope."